Kati ya "ni" na "iwe"

Walimu wangu, vijana wenzangu, hamjambo? Mvua imetuchelewesha, basi niingie moja kwa moja kwenye alama ya =.

Nendeni soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza, msikilize wauza dagaa. "Bei ni ile ile?" Hilo ni swali. "Ndiyo, bei ni ile ile." Hiyo ni taarifa. "Haya, leo iwe elfu saba." Hapo mtu ameamua. Hamtamsikia mchuuzi akichanganya "ni" na "iwe", hata akiwa na haraka ya kuwahi boti.

Robert Recorde, mwanahisabati wa Wales, alipoiandika = mwaka 1557, alimaanisha "ni". Fortran, lugha ya programu ya 1957, ikaichukua ikaifanya "iwe", ndiyo maana mwanafunzi akikutana na x = x + 1 kwa mara ya kwanza anaguna. Ana haki kuguna! Lugha ya Algol ikatumia := kwa "iwe", na Pascal ya Niklaus Wirth, mwaka 1970, ikafuata.

Ken Thompson, kwenye lugha ya B, akapiga hesabu nyingine: katika programu tunaweka thamani ("iwe") mara nyingi kuliko tunavyolinganisha ("ni"), kwa hiyo kazi ya mara nyingi ipewe alama fupi. Kuweka kukawa =, kulinganisha ==. Dennis Ritchie akairithi kwenye C. Ni hoja nzuri kwa anayeandika. Lakini mimi niliwahi kuandika if (kilo = 20), nikitaka kusema "kama kilo ni 20", kwenye programu ya mizani; kompaila, ile inayotafsiri programu kwa mashine, ikanyamaza, na kila gunia likawa la kilo 20. Usiku mbili nilisoma mstari ule ule nikiona "ni", kumbe nimeandika "iwe".

C yenyewe iliwahi kujikwaa. Zamani kupunguza kuliandikwa =-, sasa x=-1 ni punguza moja, au iwe hasi moja? Wakageuza ikawa -=.

Lugha ya Python nayo ilipotaka :=, yaani kuweka thamani katikati ya hesabu au sharti, ubishi ulikuwa mkali hadi Guido van Rossum, muasisi wake, baada ya kuipitisha, akaachia uongozi Julai 2018. Iliingia toleo la 3.8, ikapewa jina la walrus, mnyama wa bahari za barafu: nukta ni macho, mistari ni meno. Ingezaliwa huku ziwani tungeiita kiboko. (Kicheko.)

Mimi lugha yangu ningeipa := ya "iwe", na = ningemrudishia Recorde. Naona mkono kule nyuma. Karibu, dada, nipinge.