Birika la Samaki na Fomu ya Watafiti

KHADIJA: Assalamu alaikum wasikilizaji. Fuad, leo nafungua mimi, nina jambo.

FUAD: Haya, Bi Khadija. Ila tuliahidi mambo matatu: kuingia mtaani, kuuliza, na kurudisha majibu.

KHADIJA: Tutafika, inshallah. Wiki hii nilifuatana na wanafunzi wa uzamili wa afya ya umma, nikiwatafsiria. Tukaingia nyumba moja ya mawe pale mtaa wa Mkomani, hapa Lamu. Fomu inauliza habari za chandarua. Kijana akaona birika la kuogea, akaandika "maji yaliyosimama", akamwambia mama ayamwage.

FUAD: Lo! Amwage birika?

KHADIJA: Mama hakusema neno. Akarusha punje za wali majini, vikapanda visamaki. "Hawa ndio wala viluwiluwi vya mbu," akasema. Na kwenye fomu hakuna pa kuandika samaki!

FUAD: Kwetu Langoni pia walikuwapo. Nyanya alikuwa mkali, ole wako uwaguse.

KHADIJA: Sabuni je?

FUAD: Sabuni ndiyo kabisa! Ulichota kwa kata, ukaoga mbali, povu lisirudi birikani. Lakini ngoja. 2004 chikungunya, ile homa ya mbu inayoumiza viungo, ilipotushukia, kisiwani waliambukizwa watu kama 3 kati ya 4. Samaki walikuwa wapi?

KHADIJA: Birikani. Kulikuwa na ukame, watu wakaweka maji siku nyingi kwenye mapipa na mitungi. Nani atatia samaki kwenye pipa? Na mbu wa chikungunya huuma mchana, chandarua cha usiku kitamzuia vipi? Swali lilikuwa hilo, na mama analijua.

FUAD: Fomu imepita kamati ya maadili, ile inayoidhinisha utafiti. Huwezi kubadili maswali mlangoni mwa mtu, lazima urudi kamatini. Na muhula haungoji.

KHADIJA: Basi waje kwanza barazani, ndipo waende kamatini.

FUAD: Kwa nauli ya nani? Wengi wanajisomesha.

KHADIJA: Ya chuo. Na wakimaliza, wenye mtaa nao watoe alama.

FUAD: Alama za shahada? Hapana! Kijana mwenye adabu atapewa zote, hata utafiti ukiwa mbovu. Nyumba moja ya Mkomani si Lamu nzima, ndiyo maana tunahesabu nyingi.

KHADIJA: Ukipita nyumba nyingi na swali lisilohusu, umehesabu nini?

FUAD: Umehesabu vyandarua, na malaria bado ipo pwani.

KHADIJA: Na mama aliyetupa saa nzima ya asubuhi yake amepata nini?

FUAD: Hilo la kurudisha majibu lilikuwa jambo la tatu.

KHADIJA: Fundi anaonyesha dakika moja. Yote matatu yamebaki.

FUAD: Basi wenye mapipa wayafunike, na wasugue kuta za ndani. Mayai ya mbu yule hugandama pale, kumwaga maji tu hakutoshi. Lakini alama, Khadija, sikubali.

KHADIJA: Mimi nazitaka, na kwa maandishi.