Delta ya Rufiji: nchi iliyojengwa na tope

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana. Nashukuru kualikwa, na nimefurahi zaidi kuona kina mama waliovuka kutoka visiwani huko wamekaa mbele, kwa sababu nitakayoyasema hapa wao wanayaishi.

Kwanza naomba mtazame chupa hizi mbili. Zote zina maji ya mto Kilombero, nimeyachota Ifakara wakati huu wa masika, mekundu kama chai ya maziwa. Hii ya kushoto nimeiacha kama ilivyo. Hii ya kulia natia vijiko viwili vya chumvi, mbele yenu. Natikisa zote. Sasa ziacheni hapo, tutazirudia.

Neno delta limetokana na herufi ya Kigiriki yenye umbo la pembetatu, na Wagiriki waliliita hivyo bonde la Nile mahali mto unapochanua kabla ya bahari. Rufiji nayo huchanua hivyo. Ukishapita tambarare, mto unagawanyika mikono mingi, katikati vinabaki visiwa, na ukanda wote wa pwani kuelekea Mafia unakuwa mikoko: hekta zipatazo 53,000, msitu mkubwa kuliko mwingine wowote wa mikoko kwa pamoja katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Lakini maji ya delta hii hayatoki hapa. Yanatoka Njombe, Mbeya, Iringa, Mahenge, milima ya Udzungwa. Mito mitatu inayaleta: Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Ruaha ndiyo yenye eneo kubwa kuliko wenzake, ila zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji huletwa na Kilombero. Ruaha tangu mwaka 1993 imekuwa ikikatika kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakabanana kwenye madimbwi, kwa kuwa maji mengi huchukuliwa mashambani kule Usangu. Kwa hiyo mtu wa delta ana jirani asiyemjua, anakaa kilomita mia kadhaa juu yake, na huyo jirani akigeuza mfereji wake, huku chini habari inafika.

Saa za delta ni tatu, na hapa ndipo wanafunzi wangu hukwama kwenye mtihani. Saa ya kwanza ni mvua za hapa pwani, vuli na masika. Ya pili ni mto, ambao unafuata mvua za nyanda za juu, kule wana msimu mmoja mrefu kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Ya tatu ni bahari. Kila baada ya wiki mbili bamvua inapanda, tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3, na chumvi inasukumwa ndani ya mikono ya mto. Mkulima wa mpunga wa delta anazisoma saa zote tatu kwa mara moja, bila karatasi.

Nilimwona mmoja akifanya hivyo. Bibi wa makamo, tulikuwa tumeegesha mtumbwi chini ya dungu lake, kile kibanda cha miti kilichosimama juu ya nguzo katikati ya shamba, familia inapohamia msimu wa mpunga kulinda shamba dhidi ya nguruwe na ndege. Alichutama ukingoni, akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema. Akasema, "Bado, mwanangu. Mto haujaishinda bahari." Miche yake ilikuwa tayari kitaluni, lakini hakupandikiza siku ile. Alisubiri mafuriko yashuke yasukume chumvi. Na hata yakija, kuna kaa, wanaokata miche michanga usiku kama mkasi. Niliondoka nikiwaza kwamba ulimi wa yule mama ni kipimo cha chumvi kilichosahihishwa kwa miaka arobaini.

Mpunga huo umehama na mto. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 maji mengi yalielekea mikono ya kaskazini. Kaskazini kukapoa chumvi, watu wakafyeka mikoko wakalima. Kusini bahari ikaingia, mashamba ya mababu yakaachwa. Mtu wa mjini akiona picha ya mikoko iliyofyekwa husema watu hawa waharibifu. Mimi naomba kwanza aulizwe kama anajua mto ulihama.

Kamba ndiyo fedha taslimu ya huku. Kamba mkubwa hutaga baharini, wadogo huingia kwenye mikoko kujificha na kula, wakikua hutoka tena. Ukitaka kujua kwa nini sehemu kubwa ya kamba wa Tanzania wanavuliwa mbele ya delta hii, usiangalie bahari, angalia mizizi ya mkoko. Miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa kuchimba hapa mabwawa makubwa ya kufugia kamba, watu wa delta wakaukataa, na haukutimia. Nadhani walifanya vyema. Mti wenyewe nao ni mali: boriti za mkoko na mkandaa zimepanda majahazi kwenda Uarabuni karne na karne, na vyumba vyembamba vya nyumba za kale za mawe, Lamu au Unguja, vilipimwa na urefu wa boriti. Mlilana, mkoko wa aina nyingine, hutoa mataruma, yaani mbavu za vyombo, na mizizi yake inayochomoza topeni wavuvi huifanya maboya ya nyavu.

Sasa tazameni chupa.

Mnaona? Ya kushoto bado ni chai. Ya kulia, yenye chumvi, imeanza kung'aa juu, na chini kuna tabaka la tope, unene wa ukucha. Chembe za udongo wa mfinyanzi kwenye maji baridi husukumana, haziambatani, kwa hiyo huelea siku nyingi. Zikikuta chumvi hushikana, zinakuwa vidonge, zinazama. Mto ukifika pwani unapoteza kasi na unakutana na chumvi kwa wakati mmoja, hapo unatua mzigo wake. Nchi ya delta ndiyo hiyo, ukucha juu ya ukucha. Na kasi yake si ndogo. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha humu ndani, Waingereza wakaishambulia mpaka ikaangamia tarehe 11 Julai 1915. Ilikuwa meli ya chuma ya zaidi ya mita 100. Mabaki yake yamemezwa na tope la mto.

Tope hilo lina tabia moja: likilundikana hujibana, na nchi hushuka chini polepole. Delta isiyopata tope jipya kila mwaka haibaki ilivyo, inazama, huku bahari yenyewe ikipanda. Misri wanalijua hili. Maji ya Nile yanayotoka kwetu Afrika Mashariki, Jinja nchini Uganda, hufika kule karibu meupe, kwa sababu yanachujika kwenye vinamasi vya Sudan Kusini. Tope lililowalisha Wamisri tangu Farao lilitoka nyanda za juu za Ethiopia, kwa Nile ya Buluu na Atbara. Bwawa Kuu la Aswan lilianza kushika maji mwaka 1964, likakamilika 1970. Umeme ulipatikana, mafuriko ya kuua yakaisha, na hayo ni mema makubwa. Ila tope lote likabaki bwawani. Dagaa wa mbele ya delta walikuwa wakivuliwa tani zipatazo 18,000 mwaka 1962, na kabla muongo haujaisha hawakufika hata 1,000. Baadaye samaki walirudi, lakini sasa kwa kulishwa na mbolea na maji machafu ya miji. Rasi ya Rashid, mto unapoingilia baharini, imeliwa na mawimbi mpaka ikabidi wajenge kuta.

Nasema Aswan kwa sababu na sisi tuna bwawa. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukazalisha umeme Februari 2024. Mimi nasoma kwa taa ya umeme huo, siupingi. Nyumba ya mwanafunzi wangu ina taa sasa. Tatizo langu ni kwamba kila mjadala wa bwawa hili ninaousikia ni wa maji: yamefunguliwa mengi, yamefunguliwa machache. Aprili 2024 maji yalipoingia mashambani na majumbani Rufiji na Kibiti, tuligombana juu ya maji wiki nzima. Tope hakuna aliyelitaja. Na tope la chupa hizi, la Kilombero, kwa sasa safari yake inaishia kwenye ziwa lile. Maji yanayotoka upande wa pili yametua mzigo, na maji yasiyo na mzigo hula kingo za mto yapate mwingine.

Ninachoomba hakihitaji mabilioni. Tope lipimwe kila mwezi, Mloka chini ya bwawa na tena daraja la Mkapa, na hesabu zibandikwe kwenye ofisi za vijiji, si kwenye kabati la wizara. Wataalamu waseme waziwazi ni kiasi gani kinaweza kupitishwa chini ya bwawa na kwa msimu upi.

Na nyinyi wanafunzi wa kidato cha tano, kazi yenu naigawa leo. Kila kikundi kikate boriti moja ya mkandaa, kwa kibali cha misitu, mkaisimike kwenye tope la ukingo wakati maji yamekupwa sana. Tieni alama ya rangi pale tope linapoishia. Mrudi kila bamvua, mpime kutoka alama hadi tope, juu au chini, muandike na tarehe. Akina mama hawa wamekubali kuwaonyesha sehemu za kusimika, na mtumbwi unaondoka Jumamosi saa moja asubuhi, maji yakianza kupwa.