Staringi Hafi: Jinsi Ghost Protocol Ilivyoufufua Mfululizo Wake

Waandishi wenzangu, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie filamu za ujasusi, na kwa kuwa saa haitungoji nitashika moja tu: Mission: Impossible – Ghost Protocol, ya mwaka 2011. Ni ya nne katika mfululizo wake, na kwangu mimi ndiyo iliyoufufua.

Sisi tuliolelewa na vibanda vya video vya Nairobi, sauti ya DJ Afro, yule msimulizi wa filamu, ikipanda juu ya kila risasi, tunaijua kanuni: staringi hafi. (Kicheko.) Hata mtoto wa Kayole anaijua. Basi mwandishi atatutiaje hofu, nasi mwisho tumeshaujua kabla ya kulipa kiingilio?

Tatu za mwanzo zilihangaika na swali hilo. Mwaka 1996 Brian De Palma aliangamiza kikosi kizima cha majasusi kule Prague, kisha akamfanya Jim Phelps, kiongozi aliyependwa katika kipindi cha televisheni, kuwa msaliti. Tulishtuka, lakini ukishaichoma nyumba utalala wapi? Mwaka 2000 John Woo akaleta njiwa, pikipiki na sura bandia zinazobanduliwa ovyo, mpaka ukaacha kuamini uso wa mtu yeyote. Ya tatu, ya 2006, ina Philip Seymour Hoffman, adui mkali kuliko wote waliomtangulia. Ila mzigo karibu wote bado uko mabegani mwa Tom Cruise.

Kisha akaja Brad Bird, ambaye hakuwa amewahi kuongoza filamu ya waigizaji hai. Alitoka kwenye katuni: The Incredibles, Ratatouille. Kwenye katuni hakuna kitu kinachojitokeza chenyewe. Hata kitasa cha mlango lazima mtu akae achore. Nadhani ndiyo maana kwake kila kifaa kina uzito, na kila kifaa kinaweza kukuangusha.

Tazameni Dubai. Kremlin, makao ya serikali ya Urusi, imelipuliwa, serikali ya Marekani imekikana kikosi cha Cruise, wamebaki wanne. Muuzaji wa misimbo ya makombora ya nyuklia anakutana na mnunuzi ndani ya Burj Khalifa. Mpango ni kuwatenganisha: huyu ghorofa hii, yule ghorofa ile, kila mmoja adhani amekutana na mwenzake, kumbe amekutana na majasusi waliovaa sura bandia. Ili kuziendesha lifti, lazima mtu aingie chumba cha seva, na kwa muda uliobaki njia ni ya nje, kwenye kioo. Jengo lenyewe lina mita 828. KICC saba, lile jengo refu la mikutano la Nairobi, mkizibebanisha hazifiki kileleni.

Cruise anatoka dirishani na glavu za kunata. Moja inazima. Wakati wa kurudi, anachoteremkia ni kifupi, hakimfikishi dirishani. Anarudi ndani kwa taabu, na hapo ndipo mashine ya sura bandia inapoharibika! (Kicheko.) Mnacheka kwa sababu mnaijua stima ya kwetu.

Sasa wanaingia kwenye mikutano wakiwa na nyuso zao wenyewe. Jane Carter, mmoja wa wale wanne, anajifanya kuwa Sabine Moreau, yule muuzaji wa misimbo, mwanamke yuleyule aliyemuua jasusi mwenzake Carter, na katika ghorofa nyingine Moreau mwenyewe ameketi akisubiri almasi. Hakuna risasi inayopigwa kwa dakika kadhaa, nasi tumekamata viti. Hatuulizi tena kama staringi atakufa. Tunaulizia mlango, lifti, uso wa Carter, kama utastahimili.

Kasoro zipo. Adui wa filamu hii, Hendricks, ni mwembamba mno. Mkimkumbuka kesho mniambie. Sehemu ya Mumbai nayo inakimbia kama inayodaiwa. Najua pia kuna wafuasi wa Fallout ya 2018, ya sita katika mfululizo huu, hapo nyuma, nami nakubali mapigano yake ni bora. Lakini kikosi kinachohitajiana, cha watu wanaokosea na kurekebisha papo hapo, hicho Fallout ilikikuta tayari.

Basi chukueni kalamu. Nataka ukurasa mmoja: jasusi wenu yuko katikati ya Nairobi, ana kifaa kimoja anachokitegemea, na kifaa hicho kinakufa kwenye mstari wa tatu. Bunduki hamna ruhusa. Mnaoketi mbele mtasoma kwanza.