Ni Mawazo Tu

Mhadhara kwa wafanyabiashara wa dagaa na familia zao, Kirumba, Mwanza

Mwadila mayu, mwadila baba. Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Najua mmeipanga siku hii kwa sababu mwezi ni mpevu na mitumbwi ya dagaa imepumzika, kwa hiyo hata wavuvi tunao humu ndani. Karibuni sana. Mimi ni muuguzi. Kwa miaka 19 nimekaa kwenye kliniki ya presha na kisukari, na kazi yangu kubwa ni kuwavisha watu mkanda mkononi na kusoma namba.

Nianze na hiyo hiyo kazi. Mama huyu wa mstari wa pili amekubali kukaa hapa mbele, na amekubali niseme namba zake kwa sauti. Amekaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea kiti, miguu yote miwili chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mashine inasema 128 kwa 80. Vizuri.

Sasa mama, hesabu kwa sauti, haraka, kutoka 1,000, ukitoa 17 kila mara. Hesabu za pesa unaziweza kuliko mimi, ndiyo maana nimekupa 17. Ukikosea tunaanza upya, na wote hawa wanakusikiliza. 983, sawa. 966. 949. 933? Hapana mama, rudi mwanzo. Haraka. 983... Basi, inatosha, asante. Tusome: 149 kwa 92.

Hakukimbia. Hakubeba gunia. Hakuna aliyemgusa zaidi ya mimi niliyemvisha mkanda. Sehemu ya kupanda huko inatokana na kule kuongea, ndiyo maana kliniki tunawakataza kuongea mkiwa mnapimwa. Lakini sehemu nyingine ni aibu, ile hofu ya kukosea mbele za watu. Hofu haionekani, haina uzito, na imesukuma damu ukutani mwa mishipa yake mbele ya macho yenu. Kaa hapo hapo mama, utulie. Nitakupima tena tukimaliza.

Kuna maneno matatu ambayo nimeyasikia tangu nikiwa mtoto: "ni mawazo tu". Tunayasema majumbani, tunayasema msibani, na sisi wa makoti meupe tunayasema pia. Leo nimekuja kugombana na neno moja kati ya hayo matatu.

Mwaka 1996 nilikuwa binti wa shule. Mume wa shangazi yangu alikuwa ndani ya MV Bukoba, meli iliyozama ziwani asubuhi ile ya tarehe 21 Mei. Wenye umri wangu hamhitaji kusimuliwa. Watu zaidi ya 800 walipotea, na baadhi yao wamelala pale Igoma. Shangazi alikwenda siku baada ya siku kutambua maiti. Hakumwona mumewe. Miezi ikapita, akaanza kulalamika kichwa, moyo kumdunda usiku, usingizi hakuna. Nikamsindikiza zahanati. Tulikuta mhudumu mpole, mwenye huruma ya kweli, akamshika shangazi mkono akamwambia: "Mama, umefiwa. Hayo ni mawazo tu. Nenda nyumbani upumzike."

Mkanda wa kupimia presha ulikuwa umening'inia kwenye msumari ukutani, nyuma ya mgongo wake. Niliuangalia muda wote tuliokaa pale, maana sikujua ni wa kazi gani.

Mwaka 1999 shangazi alianguka akiwa anaanika dagaa. Upande wa kulia ulikufa, maneno yakakatika. Hospitali ndipo alipopimwa presha, na ilikuwa 220 kwa 130. Aliishi miaka minne baada ya hapo, na mimi ndiye niliyekuwa namlisha uji, nikimfuta upande wa mdomo usioweza kufunga.

Yule mhudumu aliposema "mawazo" alikuwa sahihi kabisa. Neno lililomponza shangazi ni "tu".

Mvuvi aliyeko mbali na nchi kavu, upande wa Ukerewe, akipigwa na dhoruba usiku, ubongo wake hausubiri afikiri. Unapeleka ujumbe kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia, na tezi hizo zinamwaga adrenalini, kisha kortisoli. Moyo unaenda mbio. Mishipa inabana na presha inapanda. Ini linaachia sukari iingie kwenye damu ili misuli ipate nguvu ya kupiga kasia. Damu yenyewe inakuwa tayari kuganda upesi, ili akichanika asimalizike. Haya yote ni rehema. Bila hayo asingefika. Akishafika ufukweni, akavaa nguo kavu, akanywa chai, mwili unarudi taratibu ulikokuwa.

Dhoruba hupita. Marejesho hayapiti.

Ninasema mikopo ile ambayo ninyi wenyewe mmeipa jina la kausha damu. Aliyeibuni lugha hiyo sijui alikuwa nani, lakini nadhani alikuwa amekaa usiku akihesabu. Mtu anayedaiwa kila wiki, anayeogopa kugongewa mlango na kubebewa kitanda mbele ya majirani, yuko kwenye dhoruba isiyo na ufukwe. Presha ile ile, sukari ile ile, damu ile ile inayotaka kuganda, lakini hakuna kasia la kupiga, yuko kwenye kigoda amekaa kimya nyuma ya fungu la dagaa. Hali hiyo ikidumu miaka, kuta za mishipa zinakuwa ngumu, moyo unatanuka kwa kusukuma mzigo mzito, figo zinachujia kwenye presha zisizoiweza.

Nina mgonjwa mmoja ambaye kliniki yake ilikuwa Jumatatu. Dawa anakunywa, namba hazishuki. Siku moja nikamuuliza Jumatatu kwake ni siku gani. Akainama. Ni siku ya marejesho. Tukahamishia kliniki yake Alhamisi, na namba ya juu ikaja pungufu kwa 20 hivi. Bado ilikuwa juu, bado dawa anahitaji. Lakini tangu siku ile siandiki namba kwenye kadi kabla sijamuuliza mtu analala vipi.

Wataalamu wamelipima jambo hili kwa ukubwa. Mwaka 2004 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 52, Afrika ikiwemo, kwa watu karibu 30,000, nusu yao wakiwa wamepata shambulio la moyo kwa mara ya kwanza. Waliosema wanaishi na msongo muda wote, kazini au nyumbani, walikuwa na hatari takriban mara mbili ya wasio nao. Na kwa sababu tupo Kirumba, jirani kabisa na uwanja wa mpira, niwape la mpira: Kombe la Dunia la mwaka 2006 lilichezwa Ujerumani. Madaktari wa eneo la München walihesabu wagonjwa wa dharura wa moyo. Siku ambazo timu ya Ujerumani ilikuwa uwanjani, dharura hizo zilikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya siku za kawaida, na walioumia zaidi ni wale ambao moyo wao ulikuwa tayari na ugonjwa. Wazee wa Simba na Yanga mnanisikia.

Halafu kuna la msibani, na hili naomba akina mama mlishike. Mwaka 1990 madaktari wa Japani waliueleza ugonjwa ambao moyo, baada ya mshtuko mkubwa wa huzuni au hofu, unavimba upande wa chini na kushindwa kusukuma damu vizuri. Kwenye picha ukafanana na chungu chenye shingo nyembamba ambacho wavuvi wao hunasia pweza, ndiyo wakauita takotsubo, jina la chungu hicho. Wengi wanaoupata ni wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Wengi hupona ndani ya wiki kadhaa, lakini wapo wanaokufa. Sasa sisi, mama akishika kifua pale taarifa ya kifo inapoingia, tunafanya nini? Tunamlaza mkekani, tunampepea kwa khanga, tunampa maji ya sukari. Mpepee, ndiyo, huku bodaboda au bajaji inaitwa. Kifua kinachouma, jasho jembamba, pumzi kukata: huyo ni wa hospitali, hata kama amefiwa. Hasa kama amefiwa.

Nigeuze upande wa pili sasa, maana "tu" inaua kwa pande zote mbili.

Vidonda vya tumbo. Nani humu hajaambiwa vinaletwa na mawazo? Hata madaktari waliamini hivyo miaka mingi. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walikuta bakteria wanaishi kwenye tumbo la wagonjwa. Hawakuaminiwa. Mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe bakteria wale, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo vidonda vingi vinaletwa na bakteria hao, vingine na dawa za maumivu mnazomeza hovyo kwa ajili ya mgongo, na vipimo vipo, na antibayotiki zipo. Mawazo yanaweza kuongeza maumivu, lakini ukimwambia mtu asamehe watu apone vidonda, umemwacha na bakteria wake.

Na hapa kwetu ziwani kuna jambo baya zaidi. Kichocho cha tumbo, hiki tunachokipata kwa kuingia majini, kinaharibu njia za damu za ini taratibu, mpaka mishipa ya koo la chakula inavimba, na siku moja mtu anatapika damu. Nimemwona kijana wa mialoni aliyetapika beseni. Ndugu zake waliniambia amekuwa na mawazo tangu aachwe na mkewe. Hilo huenda ni kweli. Lakini alihitaji vidonge vya kichocho miaka mingi kabla mkewe hajaondoka.

Saratani nayo naitaja kwa haraka kwa sababu ya maneno ninayoyasikia wodini, kwamba fulani kajiletea saratani ya titi kwa kinyongo. Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya watu zaidi ya 116,000 wa Ulaya: msongo wa kazi haukuonekana kuhusiana na saratani ya utumbo mpana, mapafu, titi wala tezi dume. Msimtwishe mgonjwa lawama juu ya ugonjwa.

Lakini kosa ninalokutana nalo kila wiki, na ndilo hasa lililonileta, ni hili. Mtu ameambiwa ana presha. Anajiambia: presha ni mawazo. Basi akiwa na mawazo anameza dawa. Mawazo yakiisha anaacha. Mzee mmoja wa Igombe alinieleza vizuri kabisa, kwa upole, kama ananifundisha: "Mwanangu, deni limekwisha, kijana wangu amefaulu, moyo umetulia. Dawa za nini tena?" Nikamvisha mkanda. 190 kwa 110. Hakuwa anaumwa kichwa wala chochote, na presha ndivyo ilivyo, mara nyingi inakaa kimya.

Alikuwa fundi mitumbwi, kwa hiyo nikamuuliza: dhoruba ikipita, mtumbwi ulioachia mbao unajifunga wenyewe? Akacheka. Akasema unahitaji kalafati, ile pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao. Nikamwambia vidonge hivi ndiyo kalafati yako, na kalafati hatuiweki siku ya mawimbi peke yake. Sasa hivi anakuja na kadi yake kila mwezi. Mishipa iliyokwisha kukakamaa haijui kwamba deni limelipwa.

Akina baba, na ninyi nawasemea. Tunasema mwanaume anakufa na tai shingoni. Mnakufa nayo kweli. Mawazo yenu yanapitia kwenye gongo, kwenye sigara, kwenye kutolala, kwenye kadi ya kliniki iliyotupwa juu ya kabati, na kwa njia hizo yanafika kwenye moyo na ubongo hata haraka kuliko yangepita peke yake. Ukiona wiki mbili mfululizo huna usingizi, huna hamu ya chakula, huoni ladha ya jambo lolote ulilokuwa unalipenda, hiyo inaitwa sonona, ni ugonjwa, na inatibiwa pale pale tunapotibu malaria. Mkikaa kwenye vikundi vyenu vya kuweka na kukopa, ulizaneni na hilo. Na viongozi wa vikundi, ile tabia ya kumsimamisha mdaiwa katikati ya wenzake asemwe, mimi naihesabu pamoja na chumvi na sigara. Mmeona namba za mama hapa kwa hesabu za 17 tu.

Mama, lete mkono. Usiseme kitu. Subiri.

130 kwa 80. Umesharudi. Asante sana, rudi kwa wenzako.

Wengine, mashine ni mbili, na mwenzangu yuko upande wa mlango. Tunaanza na wazee na wajawazito. Mkikaa, kaeni dakika tano kwanza, mkunje mkono wa nguo, simu mpeni jirani. Namba ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, mtapewa karatasi ya kurudi kupimwa siku nyingine, maana kipimo kimoja hakitoshi kumpa mtu ugonjwa. Na mtu akiwauliza kwa nini mmeandikiwa karatasi, mwambieni ni presha. Mkitaka kuongeza kwamba ni mawazo, ongezeni, lakini muishie hapo.