Huyo Mnyama Analala Wapi?

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Mliosimama pale nyuma, viti vipo huku mbele, msiogope, leo simwiti mtu ubaoni.

Nimeombwa nizungumzie mtu wa msituni. Yule mfupi mwenye manyoya, anayetembea wima, ambaye kila aliyemwona alikuwa peke yake na simu imeisha chaji. Mada hii nimeisema Ujiji, nimeisema Kasulu, nimeisema misibani mpaka mke wangu anaweza kuja hapa akaimalizia. Na swali langu ni lilelile: huyo mnyama analala wapi, na akiamka asubuhi anajisaidia wapi?

Mnacheka. Chekeni, lakini mnijibu.

Ngojeni niwape kisa. Mvua za kwanza ndiyo zimeanza, kijana mmoja akanijia nyumbani Mwanga, hapa Kigoma, jioni, tope mpaka magotini. Nilimfundisha zamani, mbishi tangu utoto. "Shikamoo mwalimu, nimempata." Umempata nani? Akafungua simu. Picha ya unyayo kwenye tope la kijito, huko vilima vya Masito ambako mjomba wake anarina asali. Vidole vinne mbele, kidole gumba kimekaa pembeni kama gumba la mkono. Akasema usiku walisikia kelele, tena kelele za watu, si za mnyama. Mjomba mtu mzima na panga lake alikataa kutoka nje hata kwenda haja.

Tukaenda. Bodaboda mpaka njia ilipokatika, kisha kwa miguu, na miguu yangu hii mnaijua. Ule unyayo tukaukuta umeshajaa maji. Kijana akawa anazunguka chini kutafuta mwingine, mimi natazama juu. Haikuwa mbali na kijito. Juu ya mti, matawi yamekunjwa kuelekea kati, yakalaliana, majani bado mabichi. Kitanda hicho. Nikamwambia, haya, sasa tazama chini yake. Kinyesi. Cha asubuhi ileile, kimejaa mbegu za mabungo, mabungo hayahaya tunayokunywa juisi yake mjini hapa. Aliamka bwana mkubwa, akajisaidia kabla hajashuka, akaenda zake.

Kijana akakunja uso. "Aah, kumbe sokwe tu!"

Hiyo "tu" ndiyo inayonikosesha usingizi. Sokwe tu! Mnyama anavunja kijiti, anakitoa majani, anakichomeka kwenye kichuguu na kuvua mchwa; mtafiti Jane Goodall aliyaona hayo Gombe mwaka 1960, na wataalamu waliokuwa wakisema zana ni ya binadamu peke yake wakabaki kujikuna vichwa. Vinasaba vyake na vyetu vinafanana kwa takribani asilimia 98. Lugha yetu yenyewe inamwita sokwe mtu. Mtu wa msituni unaye, unapita chini ya kitanda chake, unakunja uso unamtaka mwingine!

Sasa nisikilizeni hapa. Sokwe wa Ugalla, huku mpakani mwa mkoa wetu, wanaishi kwenye miombo mikavu, wachache, wametawanyika sana. Mtafiti anaweza kutembea siku nyingi asimwone hata mmoja. Wanawahesabuje basi? Kwa viota. Kila sokwe mkubwa hutandika kitanda kipya karibu kila jioni; pigeni hesabu wenyewe, kwa mwaka ni zaidi ya 300, mnyama mmoja tu huyo. Kinyesi kinaokotwa, kinapelekwa maabara, kinasema huyu ni jike na mama yake ni yule. Hawaonekani, lakini wanajulikana mpaka ukoo.

Huyu wenu je? Kitanda hana. Nywele hana. Mfupa wa babu yake aliyekufa hakuna aliyeuokota. Mtaniambia, mwalimu, ana akili, anaficha. Sawa, na mavi anayafukia? Tena msiniambie kwamba yupo mmoja. Ana mama? Mama ana dada? Mnyama hazaliwi na ukungu. Ili awepo leo lazima ukoo wake uwe umezaana miaka yote hiyo, wanakula, wanaugua, wanapigana, wanakufa, na fisi anawatapanya mifupa yao.

Najua yule pale mwenye shati la kitenge anataka kusema kipunji. Ananiuliza kila mara. Haya, kipunji. Kima mkubwa, wa huku huku Tanzania, sayansi haikumjua mpaka mwaka 2003, Rungwe, na jina lake la kitaalamu alipewa 2005. Kwa hiyo misitu bado ina siri, nakubali! Lakini alijulikanaje? Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake tayari. Watafiti walipoacha kiburi wakasikiliza, wakamfuata wakamkuta. Hiyo ndiyo tofauti ya habari ya mnyama na hadithi ya zimwi.

Linganisheni na agogwe, ndiye huyo mtu wenu wa msituni. Kapteni Hichens, Mwingereza, aliandika mwaka 1937 kwamba aliwahi kuona viumbe wawili wadogo wa kahawia, wima, futi kama nne, upande wa magharibi wa mbuga za Wembare. Mwenyeji aliyekuwa naye akamwambia ni agogwe, ambao mtu hawaoni hata mara moja maishani. Hata mara moja! Mwindaji gani huyo anamjua mnyama asiyeonwa hata mara moja? Na wakasimulia kwamba ukimwekea bakuli la chakula na kibuyu cha pombe shambani usiku, agogwe atakulimia na kupalilia. Mimi nina mihogo Simbo. Niliweka. Ugali na migebuka miwili, nikaongeza na kibuyu. Asubuhi bakuli tupu, magugu yamesimama vilevile, na mbwa wa jirani amelala kivulini hawezi kuinuka.

Na Livingstone wenu, yule msafiri Mzungu ambaye mnawapeleka wageni Ujiji kumwonea mwembe! Mwaka 1870 akiwa Manyema, ng'ambo huko Kongo, aliandika habari za "soko": anang'ata vidole vya watu, anabeba mtoto kupanda naye mtini, mpaka ahongwe mkungu wa ndizi ndipo amwachie. Akadhani ni gorila. Soko, sokwe: wajukuu wa Manyema mliopo humu, masikio yenu yanawatosha. Na msidhani yote yale ni porojo, maana mwaka 2002 sokwe wa Gombe alimuua mtoto mdogo. Wazee hawakuwa wanaota.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mwenyekiti, na asili yake bado!

Haya, mbiombio. Wanaosema ni masalia ya Gigantopithecus, mnyama wa kale wa jamii ya sokwe: jino lake la kwanza kutambuliwa lilikutwa kwenye duka la dawa Hong Kong mwaka 1935, alikuwa jitu la kusini mwa China, ametoweka zaidi ya miaka 200,000, na mwaka 2019 ikabainika ndugu yake ni orangutani. Agogwe wa futi nne anahusikaje? Wale watu wafupi wa kale wa kisiwa cha Flores, Indonesia, ambao mifupa yao iliibuka 2003, hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, urefu kama mita moja, kweli kabisa. Lakini wao waliacha mifupa pangoni, hawakutuachia tetesi. Yeti, mtu wa theluji wa Himalaya: mwaka 2017 walipima mabaki tisa yaliyodaiwa kuwa yake, manane dubu, moja mbwa. Na Bigfoot, mtu wa msituni wa Marekani: familia ya Ray Wallace ilishatoa hadharani miguu ya mbao aliyopigia nyayo za uongo, tuliache.

Majini sikuyagusa, najua mlikuwa mnayasubiri. Mtaniuliza nje kwenye chai. Na wewe mama mwenye bahasha ya nywele, usiondoke nayo, nimekuona tangu mwanzo. Ilete hapa tuinuse kwanza.

Mmh. Mama, nyumbani mnafuga mbuzi?