Kesho Tunakwenda Ngezi

Assalaam alaykum wanangu. Kesho tunakwenda msitu wa Ngezi, hapa kisiwani kwetu Pemba. Kijana mmoja kaniuliza mlangoni, "Mwalimu, Ngezi kuna chui?" Hakuna. Simba hakuna, tembo hakuna. Anayewataka hao apande boti aende bara. Pemba ilitengana na bara zamani mno, ndiyo maana wanyama wetu ni wachache lakini wana upekee wao: bundi wa hapa, ninga (njiwa wa kijani) wa hapa, na popo ambaye duniani kote hayuko ila kisiwa hiki.

Msitu wenyewe si mkubwa, kama hekta 1,440, kaskazini mwa kisiwa, ukishapita Konde kuelekea Ras Kigomasha. Umehifadhiwa tangu 1959. Zamani msitu ulifunika sehemu kubwa ya Pemba. Kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu ya Unguja, huku Pemba tukasalimika, basi kila mwenye shoka akafyeka apande karafuu. Mikarafuu hii tuliyokulia chini yake, tuseme kweli, imekalia kiti cha mivule.

Sasa popo. Mchana ananing'inia juu kabisa, kajifunga mbawa kama mwavuli. Jua likimkera anajipepea kwa bawa moja, taratibu, kama mtu na upepeo wake barazani. Akizikunjua zote mbili zinafika mita moja na nusu. Uso wake ni wa mtoto wa mbwa. Damu hanywi, ondoeni hofu. Anakula maembe, mashelisheli, kungu: anatafuna, anafyonza maji, makapi anayatema. Kesho nitawaonesha makapi hayo chini ya miti, yamekauka kama vidonge. Na mbegu anazoziangusha huko anakopita, nyingine zinaota.

Na sisi tulikuwa tukimla. Mimi mwenyewe nimekunywa supu yake, sitaki kujifanya. Wenye bunduki waliwapiga mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 wakabaki wachache wa kuhesabika. Wanavijiji, wakiwemo wa kijiji cha Kidike, wakaanza kuwalinda kwenye miti yao wenyewe, na leo wako kwa maelfu.

Gari inaondoka saa 12 na nusu asubuhi. Simu zizimwe sauti, na tumbili asipewe mkate hata akikuangalia vipi. Vaeni viatu vya kufunga, kuna sehemu za majimaji. Mwaka jana mmoja wenu alikuja na kandambili, akarudi na moja.