Zamu yako ikifika, utashukuru nini?

MORAA: Karibuni tena. Mimi ni Moraa, niko hapa Brooklyn Park, Minnesota. Upande wa pili wa meza ni Kaka Hamisi, ametoka kazini alfajiri na bado hajalala, kwa hivyo akianza kuongea peke yake mtamvumilia.

HAMISI: Hamjambo wasikilizaji. Nimekunywa chai ya tangawizi, niko imara.

MORAA: Tunaona. Sasa, Thanksgiving hiyo inakuja, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, Alhamisi ya nne ya Novemba. Ya nyumbani tuiache. Leo tunaongea ile ya kazini, ile ya siku moja au mbili kabla. Supavaiza anawaita chumba cha mapumziko, kila mtu ameleta sahani yake, chakula kinapoa mezani, halafu anasema: jamani, kabla hatujala, tuzunguke, kila mmoja aseme mwaka huu anashukuru nini.

HAMISI: Na wewe umesimama karibu kabisa na nyama.

MORAA: Zamu yako ikifika unasemaga nini?

HAMISI: Afya. Nasema nashukuru Mungu kwa afya, nakaa. Afya haina maswali.

MORAA: Kila mwaka?

HAMISI: Kila mwaka. Na nikimaliza mimi, wanaofuata watano nao wanashukuru afya. Tunafika kwenye chakula mapema.

MORAA: Kaka Hamisi, huo ni uvivu.

HAMISI: Ngoja nikueleze, mdogo wangu, si uvivu. Mimi nimekulia Tanga. Kwetu shukrani ina mwenyewe. Kwanza Mwenyezi Mungu, na hiyo alhamdulillahi inatosha, huhitaji kikao. Halafu binadamu, naye unamfuata alipo. Unamwambia, bwana fulani, siku ile mama anaumwa ulinipa nauli, sijasahau. Sasa hii ya kusimama mbele ya watu thelathini ukatangaza kwamba unashukuru, unamshukuru nani? Meneja yuko pale kona anasikiliza.

MORAA: Meneja anangoja kula kama wewe.

HAMISI: Kwenu labda. Sisi ghalani hatuzunguki hata meza, maana hakuna muda. Kuna ukuta. Wanabandika karatasi kubwa, pembeni wanaweka vikaratasi vya rangi na kalamu. Ukipita kwenda mapumziko unaandika unachoshukuru, unabandika. Mwaka mmoja nilisimama nikasoma ule ukuta wote. "Kazi yangu." "Kazi yangu." "Kazi yangu na timu yangu." Nikashangaa, watu wamependa kazi lini? Kumbe minong'ono ilikuwa imezagaa kwamba baada ya Krismasi wengine wataachishwa. Ule haukuwa ukuta wa shukrani, dada. Zile zilikuwa barua za kuomba kazi.

MORAA: Hapo nakupa. Hiyo nimeiona hata mimi, mtu anashukuru kwa woga.

HAMISI: Na mshahara ule umeutolea jasho. Unaushukuru wa nini? Umeununua.

MORAA: Lakini nataka kukupinga. Mimi hufanya kazi kwa nyumba ya wazee, wengi mnajua. Kwetu hii kitu ilibadilika kwa sababu ya mtu mmoja. Tuna nesi kutoka Liberia. Hapa Brooklyn Park Waliberia ni wengi sana, na wao Thanksgiving wanayo kwao, Alhamisi ya kwanza ya Novemba. Ilipelekwa na wale watu weusi waliotoka Marekani kwenda kukaa kule karne ya kumi na tisa. Kwa hivyo yeye husherehekea mara mbili, na ile ya Wamarekani huiita marudio.

HAMISI: Mtu wa maana huyo.

MORAA: Sasa zamu yake ikafika. Sisi wote tulikuwa tumesema familia, afya, familia, afya. Yeye akasema: namshukuru huyu ndugu wa chumba cha kufulia, kwa sababu anashona majina ya wazee kwenye nguo zao kwa mkono. Ile alama ya kalamu ilikuwa ikifutika, nguo zinachanganyikana, mzee anavalishwa sweta ya mwingine, analia. Tangu aanze kushona hakuna aliyelia kwa sababu ya sweta.

HAMISI: Yeye mwenyewe alikuwepo?

MORAA: Alikuwa amesimama pale mlangoni na toroli yake! Hajui hata kama kuna mtu amewahi kuona. Alitazama chini, akajifanya anarekebisha toroli. Basi baada ya hapo watu wote wakaanza upya. Mpishi akashukuru kijana wa zamu ya usiku kwa kumwachia sinki safi. Mimi nikashukuru mwenzangu aliyekuja kufanya zamu yangu nikiwa kwa matanga. Hata wewe ungeacha afya yako.

HAMISI: Unaona sasa? Unadhani umenipinga, kumbe umenisaidia. Huyo nesi alimtaja mtu, akataja na tendo. Hiyo ndiyo shukrani ninayoijua mimi. Kuna hadithi ya Mtume, asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Imesema watu. Haikusema kampuni.

MORAA: Hata kanisani kwetu Kisii ni hivyo. Mtu akisimama kutoa shukrani anasimama na jambo. Mtoto amefaulu, mama ametoka hospitali, ng'ombe aliyepotea amerudi. Hakuna anayesimama kusema nashukuru tu kwa ujumla. Watu wataguna.

HAMISI: Na majirani zangu Walutheri, wakati wa mavuno, mtu analeta mkungu wa ndizi, kuku, mayai, mahindi. Ibada ikiisha wanapiga mnada pale nje. Mimi Muislamu nilikuwa nakwenda kununua kuku.

MORAA: Ukishukuru kwa niaba yao.

HAMISI: Na bei nazishusha. Lakini dada, tusisahau hii sikukuu yenyewe ina biashara ndani yake, na haikuanza jana. Kuna mama mmoja, Sarah Josepha Hale, alikuwa mhariri wa jarida la wanawake. Aliwaandikia marais miaka na miaka kwamba nchi nzima iwe na siku moja ya shukrani. Waliompuuza wengi. Lincoln ndiye aliyetangaza, Oktoba 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alhamisi ya mwisho ya Novemba.

MORAA: Wakati watu wanazikana.

HAMISI: Gettysburg, lile pigano kubwa la vita hivyo, ilikuwa imepita miezi mitatu tu. Sasa sogea mpaka 1939. Novemba ile ina Alhamisi tano, sikukuu inaangukia tarehe 30. Wenye maduka wanamlilia Rais Roosevelt: bwana mkubwa, watu hawaanzi kununua zawadi za Krismasi mpaka Thanksgiving ipite, mwaka huu tutauza lini? Akairudisha wiki moja nyuma. Nchi ikagawanyika. Majimbo mengine yakamfuata, mengine yakakataa, Texas wakala siku zote mbili.

MORAA: Texas walifanya kama Waliberia.

HAMISI: Bunge ndilo lililomaliza ubishi mwaka 1941, ikawa Alhamisi ya nne kwa sheria. Kwa hiyo mimi mtu wa ghala, bosi akinishukuru sana siku ya Jumatano, najua ananitayarisha kwa Ijumaa. Ile Ijumaa ya punguzo la bei, dada, mizigo inashuka usiku na mchana mpaka Krismasi. Ruhusa hakuna.

MORAA: Na pesa ya sikukuu je? Hili wageni huulizana sana. Mtu anaambiwa na binamu yake kwamba Thanksgiving ni lazima ulipwe mara mbili.

HAMISI: Si lazima. Sheria ya kazi ya shirikisho, ile ya mwaka 1938, haimlazimishi mwajiri binafsi akulipe siku ya sikukuu ambayo hukufanya kazi. Ukifanya kazi siku hiyo pia, haimlazimishi akuongeze kwa sababu tu ni sikukuu. Ovataimu ya mara moja na nusu inaanzia ukipita saa 40 kwa wiki. Yaliyobaki ni mkataba wako, chama cha wafanyakazi kama mnacho, au desturi ya mwajiri. Wengi wanaongeza. Muulize mtu wa ofisi ya wafanyakazi, siyo binamu.

MORAA: Muulize kabla hujabandika kikaratasi.

HAMISI: Eeh! Ukishajua jibu utajua uandike nini.

MORAA: Kuna kitu kingine kinanisumbua kwa hii mambo ya kuzungushana. Jikoni kwetu tuna dada, ni wa jamii ya Ojibwe, wenyeji wa hapa Minnesota. Yeye kila mwaka huomba zamu ya Alhamisi yenyewe. Na ikifika zamu yake ya kusema, anasema tu: pita.

HAMISI: Anasema pita?

MORAA: Pita. Mara ya kwanza supavaiza akamsukuma kidogo, jamani sema hata kitu kimoja. Akasema, ninachoshukuru nitakisema siku nyingine. Basi. Mimi nilikuwa nimefundishwa ile ya shuleni, kwamba wazungu waliofika na meli ya Mayflower mwaka 1620 walivuna, wakawaalika Wahindi Wekundu, wakala pamoja, hadithi ikaisha.

HAMISI: Mlo wenyewe ulikuwepo. Kuna barua ya Edward Winslow ya Desemba 1621. Anasema Massasoit, kiongozi wa Wawampanoag, wenyeji wa pale, alikuja na watu wake kama tisini, wakakaa siku tatu, na wao ndio walioleta kulungu watano.

MORAA: Wageni ndio waliokuja na nyama.

HAMISI: Wenyeji, Moraa. Wageni walikuwa wale wengine, na nusu yao walikuwa wamekufa baridi ya kwanza. Bila Wawampanoag pengine wangekwisha. Lakini 1675 vita vikali vikazuka, na upande wa Wawampanoag anaongoza Metacom, mtoto wa huyohuyo Massasoit. Ndiyo maana pale Plymouth kwenyewe, walikokaa wale wa Mayflower, tangu mwaka 1970, wenyeji wanakusanyika siku ya Thanksgiving, na wao wanaiita siku ya maombolezo.

MORAA: Kwa hivyo mimi nikiwa na kikao changu, kuna sheria moja tu. Mtu akisema pita, apite. Usimwangalie vibaya, usimfanyie utani. Hujui hiyo siku imembebea nini. Kuna aliyezika mwaka huu. Kuna mwenye mtoto Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, anangoja karatasi.

HAMISI: Na huyo wa Nyarugusu ninaye. Kijana wa Kikongo, alikuwa mgeni kabisa ghalani, Kiingereza chake bado. Walipoweka ule ukuta akaniuliza, kaka, hii ni mitihani? Nikamwambia hapana, andika unachoshukuru. Akaandika kwa Kiswahili: "Mzee wa mlango wa saba alinipa glavu zake." Akabandika.

MORAA: Huyo mzee alijua kusoma Kiswahili?

HAMISI: Mzungu wa hapahapa, wapi! Aliona neno moja tu, mlango wake, maana kijana alichora namba saba kubwa. Akaja kuniuliza, hii inanihusu? Nikamtafsiria. Akasoma tena kana kwamba sasa ataelewa. Akakibandua, akakitia kwenye pochi. Supavaiza akalalamika ukuta una pengo.

MORAA: Aki, huyo supavaiza. Tuongee chakula kidogo kabla ya swali la msikilizaji. Wewe hupeleka nini?

HAMISI: Pilau. Na kachumbari. Bata mzinga wa kazini siwezi kumla, sijui kachinjwaje. Hapa Minneapolis bucha za Wasomali zipo, ukiwahi unapata wa halali, lakini kumpika ndege mkubwa namna ile peke yako ni adhabu.

MORAA: Na unajua Minnesota ndiyo jimbo linalofuga bata mzinga wengi kuliko lolote Marekani? Nenda Willmar, kwenye viwanda vya kuwachinja na kuwakatakata, utakuta Wasomali na watu wa Amerika ya Kati. Wanasimama kwa baridi wakikata, zamu nzima. Halafu yule ndege anafika mezani, tunazunguka, tunashukuru familia na afya.

HAMISI: Hakuna aliyewataja.

MORAA: Sijawahi kusikia hata mmoja. Na mimi mwenyewe nakuanga bize na chapati zangu. Haya, swali. Ni sauti ya msikilizaji kutoka Louisville, Kentucky, anaomba tusimtaje. Anasema meneja amemteua aongoze kikao cha shukrani mwaka huu, na kazini kwao kuna Wakristo, Waislamu, na wasio na dini. Afungue kwa maombi au asifungue?

HAMISI: Asifungue. Kila mtu aombe kwa moyo wake, dakika moja ya kimya inatosha. Halafu aanze yeye, amtaje mtu, na tendo dogo. Asianze na kampuni. Akianza na kampuni wote watafuata kampuni, na chakula kitapoa bure.

MORAA: Mimi ningemwambia abadilishe mpangilio kabisa. Wale kwanza. Mtu akishiba anakumbuka mengi. Na awatafute wale wasiokuja kwa kikao: wa usiku, wa kusafisha, dereva. Awawekee chakula, kifunikwe, jina liandikwe juu. Usiku ukifika wasikute mifupa.

HAMISI: Hilo la usiku nimelipenda, na unajua kwa nini.

MORAA: Kwa sababu wewe ndiye wa usiku. Sasa mwaka huu ukutani utaandika nini? Na usiniambie afya.

HAMISI: Kuna mama mmoja Mhmong, watu wa asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, tunapakia naye mlango mmoja. Nikienda kuswali analinda sehemu yangu, makasha yangu anayasogeza pembeni yasirundikane, na hajawahi kuniuliza ninakwenda wapi. Nitaandika hilo. Ila sitabandika ukutani, nitampa mkononi.

MORAA: Kwa lugha gani?

HAMISI: Kiingereza chetu sisi wawili. Chake kibovu, changu kibovu, tunaelewana sawasawa. Na nitampa na sahani ya pilau, isije ikawa mwandiko haujasomeka.

MORAA: Nenda ukalale, kaka. Wasikilizaji, tutumieni sauti zenu: mwaka huu unamtaja nani kazini, na alifanya nini. Jina lake si lazima. Tutazicheza Jumamosi baada ya sikukuu, Kaka Hamisi akipewa ruhusa.